Aksoloti aliyetelekezwa ana ukungu na hataki kula: nimfanyeje katika joto hili la Mombasa?

SWALI

Bi. Mshauri, salaam nyingi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tudor, na ninaishi na mke wangu pamoja na mjukuu wetu mmoja. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata kazi Nairobi mwezi wa Januari akahama kwa haraka, akaniachia ufunguo wa chumba alichokuwa amekipanga Nyali ili mwisho wa Machi nikakikabidhi kwa mwenye nyumba. Nilipofungua mlango wiki iliyopita, nilikuta vyombo vyote vimehamishwa isipokuwa godoro, birika moja, na tangi la kioo lililowekwa barazani, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja. Maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mchicha, yamepungua hadi kimo cha kiganja, na chini yake mlikuwa na kokoto za matumbawe na makome ambayo bila shaka aliyaokota ufukweni. Pampu ya hewa ilikuwa kimya kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nilikuwa tayari nimelishika tangi hilo ili niyamwage maji nilipoona kitu kikisogea.

Alikuwa ni yule aksoloti wake, mnyama wa majini wa jamii ya chura mwenye miguu minne na mkia, ambaye mjukuu wangu alimpa jina la Sultani tulipomtembelea mwaka jana, kwa sababu ya yale matamvua mekundu yaliyomsimama pande zote mbili za kichwa kama manyoya ya kilemba. Sasa matamvua yenyewe yamekwisha, yamebaki vijiti vifupi vya rangi ya waridi iliyofifia, na viwili kati yake vimeshikwa na kitu cheupe mfano wa pamba. Mguu wa mbele wa kushoto hauna kiganja. Ncha ya mkia imejikunja kama ndoana, tumbo limebonyea, na muda mwingi anaelea upande upande juu ya maji. Nilimpigia simu mpwa wangu, akaniambia kwamba alimwachia jirani pesa za chakula. Jirani naye ananiambia kwamba alikuwa akimtupia vipande vya mkate kila alipokumbuka.

Nimemleta nyumbani kwa ndoo. Nimemweka katika beseni lenye maji ya kisima chetu, kwa kuwa ya mfereji huja mara mbili tu kwa wiki, nayo yana ladha ya chumvi kidogo kama visima vyote vya mtaani kwetu. Muuza samaki wa mapambo aliniuzia dawa ya rangi ya buluu, na kikaratasi cha chupa kinasema kwamba ina shaba na hutibu ukungu wa samaki. Nimeshatia kifuniko kimoja. Nimempa mkate na dagaa wakavu, akavitema vyote. Nilijaribu kupima joto la maji kwa kipimajoto cha homa lakini hakikusoma chochote. Dada yangu anasema nisijisumbue, nishuke naye mkondoni Tudor nikamwachilie ajitafutie riziki. Mke wangu hasemi kitu, ila kila usiku huamka kwenda kumtazama kwa tochi.

Naomba unieleze, Bi. Mshauri, kama kiumbe huyu bado anaweza kupona, na kama anaweza, nianzie wapi. Pia nieleze nimwambie nini kijana huyu, kwa maana kila nikishika simu hasira hunipanda na ninaikata kabla hajapokea.

Mjomba, Tudor

JIBU

Ndugu yangu Mjomba,

Nianze na la dada yako, kwa sababu ndilo lisilongoja. Usimtupe mkondoni. Maji ya Mkondo wa Tudor ni ya bahari, naye aksoloti ni kiumbe wa maji baridi yasiyo na chumvi, mwenye ngozi nyororo inayopitisha kila kitu. Chumvi ile ingemnyonya maji mwilini akiwa hai na akili zake timamu. Hata kama pangekuwa na mto wa maji matamu karibu nawe, jibu langu lingekuwa lile lile, kwa kuwa mnyama mgeni hawi mali ya mito yetu kwa sababu tu mwenyewe amemchoka, na magonjwa anayoyabeba yanaweza kuwafikia vyura wetu ambao hawana kosa lolote.

Ulivyomweleza, naamini kwamba anaweza kupona, ingawa sikupi ahadi. Mnyama aliyevumilia miezi miwili ya namna hiyo na bado ana nguvu za kutema dagaa hajakata tamaa. Lakini naona kwamba wewe, pamoja na aliyekuuzia dawa, mnautazama ule ukungu kama ndio ugonjwa. Ukungu umekuja mwisho. Kilichomuua nusu ni maji, na ndani ya maji, kilichotangulia ni joto.

Asili ya aksoloti ni ziwa la Xochimilco, lililo katika bonde la Jiji la Mexico kwenye mwinuko wa mita 2,240 hivi, ambako maji hubaki ya baridi mwaka mzima. Porini sasa wamebaki wachache mno, na wanaofugwa duniani wengi wao ni uzao wa wale waliosafirishwa hadi Paris katika miaka ya 1860, lakini vizazi vyote hivyo vya kuishi katika vioo havikuwabadilisha mwili: bado wanataka maji ya nyuzi 16 hadi 18, huvumilia 20, na wakifika 24 huanza kuteseka. Hapa kwetu, hizi siku za mwisho wa kaskazi, mchana hufika nyuzi 32 kivulini, na tangi lililopigwa jua la asubuhi barazani huzidi hapo. Maji ya moto hubeba hewa chache kuliko ya baridi. Lita moja ya maji ya nyuzi 18 huweza kubeba miligramu 9 na zaidi za oksijeni, ile ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Wakati huohuo mwili wa mnyama ukipata joto hudai hewa nyingi zaidi. Kisha mkojo na mabaki ya mkate huzalisha amonia, na amonia huwa sumu kali zaidi kadiri maji yanavyopata joto na kadiri yanavyokuwa na chokaa, nazo zile kokoto za matumbawe ni chokaa tupu. Amonia ndiyo iliyomla nyuzi za matamvua. Ukungu ulikuta nyama imeshajeruhiwa ukaota, kama unavyoota juu ya mkate uliosahauliwa.

Kwa hiyo la kwanza ni kumtoa katika maji aliyomo sasa, leo hii. Dawa yenye shaba si ya viumbe wa jamii ya chura, kwa sababu ngozi yao huinywa moja kwa moja. Kifuniko kimoja kinatosha kwa majuto, usiongeze cha pili. Maji ya kisima cha chumvi nayo yaache ya kuoshea baraza. Tumia ya mfereji, hata kama itabidi umlipe mwenye mkokoteni akuletee mtungi, mradi akuhakikishie kwamba hakuuchota kisimani. Onja mwenyewe kabla hujalipa. Yamiminie katika ndoo mbili safi ambazo hazijawahi kutiwa sabuni, uziache wazi kivulini kwa saa 24 ili klorini itoke. Ukipata katika duka la samaki dawa ya kuondoa klorini, hutahitaji kungoja, na ni bora zaidi, kwa kuwa iko aina ya klorini isiyotoka kwa kuachwa wazi. Kwa maji ya leo, ikiwa dawa hiyo huna, nunua chupa kubwa za maji ya kunywa. Ni gharama, naelewa, lakini ni ya siku moja.

Sasa baridi. Watu wengi wa pwani hukimbilia feni, nayo feni ikipuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili au tatu katika miji mikavu. Mombasa, ambako hata nguo hazikauki kwa unyevu, hufanya kazi kidogo sana. Nenda kwa wachuuzi wa samaki utazame makasha yao ya kuwekea barafu. Kasha kama hilo, jipya au lililooshwa kwa maji matupu hadi likaisha harufu, ndilo wodi ya mgonjwa wako. Litie lita 10 hivi za maji, kimo kisichomzidi sana, ili akitaka hewa ya juu aifikie bila kuhangaika. Gandisha chupa za nusu lita zilizojazwa maji, uwe unaweka moja kwenye kona ya kasha asubuhi na nyingine jioni, na mchana wa joto kali labda ya tatu. Barafu yenyewe usiitie majini. Kifuniko kiache na upenyo wa vidole viwili. Uzuri wa kasha ni kwamba stima ikipotea, baridi haipotei nayo.

Usimtoe kwenye nyuzi 30 ukamtumbukiza kwenye 18. Mteremshe kwa nyuzi mbili au tatu kila baada ya saa chache, hata ikichukua siku nzima na usiku wake. Kipimajoto cha homa hakikutengenezwa kwa kazi hii, ndiyo sababu kilinyamaza. Nunua kile cha tangi, cha kioo, ambacho ni cha bei ndogo kuliko dawa uliyoinunua. Na unapomhamisha usitumie wavu, kwa sababu vidole na yale mabaki ya matamvua hunasa. Zamisha bakuli, mwongoze aingie mwenyewe, umwinue pamoja na maji.

Kuanzia hapo, maji ya kasha yabadilishwe yote kila siku, kwa maji yaliyotulia na yaliyopozwa hadi baridi ile ile. Hili ndilo tiba. Mengine yote ni nyongeza. Nimewaona watu wakitumia pesa kwa chupa tano za dawa huku wakiona uvivu kumwaga ndoo moja. Mke wako, ambaye huamka usiku, aendelee kumtazama lakini apunguze tochi: aksoloti hana kope za kufumba, na mwanga humchosha. Mwekee kipande cha mtungi uliovunjika, kingo zake zikiwa zimesuguliwa zisimkate, ajifiche.

Kwa ule ukungu, tembea hadi mtaa wowote wenye mti wa mkungu, nayo Mombasa haina upungufu wa mikungu. Okota majani makavu ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, mahali ambapo hapapiti moshi mwingi wa magari wala dawa ya wadudu, uyaoshe, kisha utie jani moja katika kasha kila unapobadilisha maji. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi. Hicho kinachoyatia rangi hupunguza ukungu na hutuliza ngozi, na wafugaji wa nchi za mbali hununua majani haya haya kwa pakiti, jambo ambalo hunichekesha kila ninapofagia uwanja wangu. Ukikosa mkungu, chai kavu, yaani isiyo na maziwa, sukari wala kiungo chochote, hufanya kazi kama hiyo, lakini iwe kavu kweli. Iliki na tangawizi tuzibakize katika birika letu.

Baada ya siku nne au tano, ikiwa pamba bado ipo au inaenea, ndipo utumie chumvi. Iwe ya mawe, isiyotiwa iodini wala kitu kingine. Vijiko vidogo viwili kwa lita moja ya maji yenye baridi ile ile, katika bakuli la pembeni, akae humo dakika 10 huku saa iko mkononi mwako, kisha arudi katika maji matamu. Asubuhi na jioni, zisizidi siku tano. Akianza kujirusha kwa nguvu kabla ya dakika hizo, mtoe. Najua kwamba nimetoka kukuonya juu ya maji ya chumvi, na huenda ukaniona nimejipinga. Lakini dakika 10 zenye mpaka huuchoma ukungu kabla hazijamdhuru mnyama, ilhali kuishi ndani ya chumvi ni jambo lingine.

Chakula kisubiri siku mbili za kwanza, hadi awe katika baridi yake. Mkate hauna anachoweza kukipata humo, na dagaa wakavu wana chumvi nyingi. Anachotaka ni nyungunyungu. Chimba chini ya mgomba au mahali penye unyevu ambapo hapajapigwa dawa, uwaoshe, ukate mmoja vipande vya urefu usiozidi upana wa kichwa chake, ukisogeze kipande polepole mbele ya mdomo kwa kijiti laini. Haoni vizuri, hivyo mguse kidogo pembeni mwa mdomo. Akiwa na hamu atafyonza kwa ghafla kiasi cha kukushtua. Usimpe chambo cha wavuvi kinachochimbwa ufukweni. Kipande kimoja au viwili kwa siku katika wiki ya kwanza, na kilichobaki kitolewe baada ya nusu saa kabla hakijaoza. Akishanenepa, mara moja kila siku mbili au tatu itamtosha. Kipimo changu ni hiki: tumbo lake linapolingana upana na kichwa, ameshiba maisha.

Kule kuelea upande kunanitia wasiwasi zaidi kidogo kuliko ukungu. Huenda ni hewa aliyoimeza wakati akitweta juu ya maji ya moto, na hiyo itatoka yenyewe. Lakini aksoloti hula kwa kufyonza, na anayelala juu ya kokoto hufyonza kokoto. Chunguza kasha kila asubuhi kabla hujamwaga maji. Ukiona choo cheusi, au jiwe dogo limetoka nacho, mshukuru Mungu. Zikipita siku 10 tangu aanze kula bila choo, na tumbo limevimba badala ya kujaa, mpeleke kwa daktari wa mifugo ukimchukulia na maelezo haya yote, na usimminye tumbo hata kidogo. Vivyo hivyo ngozi ikianza kuambuka, au akigeuka chali asiweze kujigeuza: hapo daktari ndiye atakayeamua, na ikiwa uamuzi ni kumpumzisha, basi afanye yeye kwa njia isiyo na maumivu.

Kiganja kilichokatika kisikusumbue. Viumbe hawa huota tena mguu mzima, mfupa na vidole, katika muda wa wiki kadhaa hadi miezi kwa aliyekwisha kuwa mkubwa. Kwanza utaona kinundu cheupe kwenye kigutu. Mjukuu wako asije akakidhani ni ukungu akakitia chumvi. Matamvua nayo huanza kurudisha nyuzi zake maji yakiwa safi, na rangi nyekundu hutangulia kabla ya manyoya.

Lile tangi la kioo lioshe kwa maji ya moto bila sabuni, kokoto zote uzitupe, sakafu iachwe tupu. Kichujio kiwashwe wiki nne hadi nane kabla hajarudishwa humo, ukitia chakula kidogo cha samaki kioze ili bakteria wanaokula amonia wazaliane. Pima: amonia na nitriti, ile sumu inayotokana na amonia, ziwe sufuri. Lakini sitaki uharakishe kazi hii, kwa sababu ya jambo ninalotaka kukuambia kuhusu mpwa wako.

Hasira yako ni ya haki, ila ukimpigia simu ili kumgombeza atakujibu kwa habari ya jirani, na jirani atajibu kwa habari ya pesa, na mgonjwa atabaki kwenye beseni. Mwombe vitu viwili tu. Cha kwanza ni karatasi za mnyama huyu: aksoloti yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1975, kwa hiyo kumvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali, na ikiwa kijana hana karatasi yoyote, ni heri mwende wenyewe ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mkaulize kuliko kuulizwa. Cha pili ni gharama ya chupa, kasha na kipimajoto, alipe yeye. Kijana mwenye mshahara anaweza.

Kisha, Sultani akishapata nguvu, ahamie kwake. Nasema hivi nikijua kwamba nyumba yako imeshamzoea. Kumfuga aksoloti Mombasa kunataka mashine ya kupoza maji inayofanya kazi usiku na mchana, na bili yake si ya pensheni ya mwalimu. Chupa za barafu ni za hospitali, si za maisha ya miaka 10 hadi 15 ambayo mnyama huyu anaweza kuishi. Nairobi, tena chumba kisichopigwa jua, kazi ni nyepesi zaidi, ingawa hata huko miezi ya Februari na Machi itamlazimu awe mwangalifu. Mpwa wako akikataa, mtafuteni anayefuga tayari, mwenye kipimajoto ukutani. Asafirishwe usiku, akiwa hajala siku mbili, ndani ya kasha lile lile, chupa ya barafu ikiwa imeviringwa kwa kitambaa.

Hilo ni la miezi miwili ijayo. Jioni hii ni ndoo mbili kivulini na chupa nne katika friza, kwa sababu maji ya kesho huanza kutulia leo. Niandikie tena akila nyungunyungu wa kwanza, uniambie na rangi ya matamvua.

Bi. Mshauri